Kabla ya kupanda miti, hesabu kinachoungua nyumbani

Ukitaka kujua nyumba yako inatoa hewa ukaa kiasi gani, usianze na chaja za simu. Anza na vinavyoungua: mkaa, gesi, mafuta ya gari na ya jenereta. Mimi naviandika kwenye daftari lile lile la matumizi ya nyumbani, pembeni ya sukari na unga.

Lita moja ya petroli hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Hapo watu hubisha: lita yenyewe haifiki kilo moja, hizo nyingine zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Kaboni ya mafuta inapoungua hushikana na oksijeni, na oksijeni ndiyo inayobeba uzito mkubwa. Gesi ya kupikia hutoa kilo 3 hivi kwa kila kilo, basi mtungi wa kilo 15 ni kama 45.

Mkaa ndio wenye mambo. Hasara yake kubwa imeshatokea porini kabla gunia halijafika mjini, maana tanuri la udongo hula kilo 6 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa, na moshi wake una methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Visiki vikichipua, deni hupungua. Pori likigeuzwa shamba, ndiyo imetoka hiyo. Kwa hiyo gesi, japo nayo inachimbwa ardhini, bado namshauri mtu wa Dar aichague kuliko gunia.

Kwetu kilichokuwa kinamaliza mkaa ni maharage. Siku hizi yanalowekwa usiku, asubuhi yanaingia kwenye jiko la presha la umeme, na hayali hata uniti moja ya LUKU. Umeme wenyewe sehemu kubwa sasa ni wa maji, hasa baada ya kukamilika bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mwingi wa uliobaki ni wa gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Chapati tumeziachia gesi. Mama mkwe hataki kusikia habari za chapati za umeme, nami sibishani naye.

Sasa kufidia, yaani kupanda miti inyonye hewa ukaa uliyoitoa. Kwa makadirio ya kawaida, mti uliokomaa hunyonya kilo 10 mpaka 25 kwa mwaka. Anayetia lita 10 za petroli kwa wiki anatoa kilo 23: wiki moja ya foleni inameza kazi ya mti ya mwaka mzima. Na mche wa leo si mti uliokomaa. Punguza kwanza, kinachobaki ndicho ukipandie.

Panda mti ambao hutakuwa na hamu ya kuukata: mwembe, mparachichi, mkorosho. Panda masika yakianza, zungushia miiba mbuzi wasifike, mwagilia kiangazi. Ukimlipa mtu akupandie, muulize shamba liko wapi na ni la nani, miche mingapi ilivuka kiangazi kilichopita, na kama miti hiyo hiyo hajamuuzia mwingine. Akianza kuzungukazunguka, hela yako nunua jiko la presha.