Somo la lishe kwa jiko moja

Mwalimu, umeuliza utawafundishaje lishe wanafunzi 30 hapo Kayole, mtaa wa Nairobi, ilhali una jiko moja la makaa na sufuria mbili. Ningekushauri uanzie sokoni: nenda nao hadi kibanda cha mboga kilicho karibu, wachague wenyewe terere, nyanya na ndimu kwa bajeti uliyowapa, kisha wakueleze sababu za uchaguzi wao. Mkirudi, mboga ioshwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa ikikatwa kwanza hupoteza vitamini C nyingi zaidi majini. Terere igawanywe mafungu mawili. Moja lichemke nusu saa, jingine dakika chache tu, halafu walinganishe rangi na ladha. Naamini tofauti hiyo wataikumbuka kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Ndimu ikamuliwe mwishoni, maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula (nasi Wanairobi hatuiachi) huupunguza ufyonzaji huo. Kisu akishike mtoto mmoja kwa zamu, nawe ukiwa kando yake.