Mgeni wetu anawauma wenyeji

*Bi Kidawa, shikamoo. Nakaa Fuoni na bwana wangu, mtoto wetu wa miaka 6 na mavyaa. Tuna mbwa wawili wa ulinzi, jike Doa na mwanawe wa kiume Kusi, hawajatupa tabu hata siku moja. Mwezi uliopita kituo cha wanyama kiliniomba nimlee kwa muda dume aliyeokotwa shamba, Mashaka, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Mwanzo alikuwa kimya. Sasa kila nikitoa chakula anawangurumia wenzake, na juzi amemchana Kusi sikio. Usiku wanazozana mlangoni mwa jiko. Bwana anampiga kwa ufagio, mavyaa anasema nyumba imejaa najisi. Nikimrudisha nitajiona sina imani. Na nikisema anauma wenzake, nani atamchukua? — Mlezi, Fuoni*

Marahaba, mwanangu. Kwanza huo ufagio uondoke. Mwambie bwana, kwa upole na akiwa ameshiba, kwamba mbwa anayenguruma anasema "nipishe". Ukimpiga kwa hilo utamnyamazisha kweli, halafu siku nyengine atauma bila ya kutoa sauti. Mimi bora huyo wa kelele. Tena akipigwa kila Kusi anapopita, atajua Kusi ndiye anayeleta kipigo, na chuki itazidi.

Sidhani Mashaka ana roho mbaya. Mbwa wengi wa shamba chakula chao humwagwa pahala pamoja, mwenye meno ndiye anayeshiba. Amekuja kwako na elimu hiyo, nawe ukampa sahani ubavuni mwa wenzake ukatarajia adabu. Umewaletea Doa na Kusi mke mwenza asiye na chumba, ugomvi ungekosaje? Na ule ukimya wa mwanzo haukuwa upole, ilikuwa hofu. Wanaolea mbwa hawa wana kipimo chao: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujifunza mwendo wa nyumba, miezi 3 ya kujiona yupo kwao. Si sheria, lakini wewe uko pale pale ambapo mbwa huacha haya akaonesha alivyo.

Kuanzia leo wasile pamoja. Mashaka ale stoo, mlango umefungwa, na wale wawili wale upande wa pili wasikoonana. Sahani ziondoke na pafagiwe kabla hujafungua mlango, maana kichwa kimoja cha changu kilichosahauliwa chini ya mwembe kinatosha kuwasha vita. Na mlango wa jiko nao ni chakula vilevile. Hapo si ndipo unapomwaga maji ya samaki na ukoko wa wali? Mwaga kwengine. Pia ni pembamba, mbwa watatu hawapishani, na wewe mwenyewe umesimama katikati, kila mmoja anataka awe karibu nawe. Usiku Mashaka alale pake, mbali na hapo.

Kisha waanze ujirani upya, nje ya nyumba. Alfajiri baada ya sala, watoto wa skuli hawajatoka, wewe mshike mmoja na bwana mwengine, kila mbwa na kamba yake. Mwende upande mmoja mkiwa mbalimbali, msiwakutanishe uso kwa uso. Anayenusa majani na kupiga chafya zake yuko salama. Akikakamaa, akafunga mdomo ghafla na kukodoa mpaka weupe wa jicho ukaonekana, mtengeni kabla hajafanya lolote. Mnasogea kidogo kidogo, siku hadi siku. Anza na Doa, kwani dume na jike huelewana upesi kuliko madume wawili.

Hukusema kama wamehasiwa. Kiulize kituo. Kuhasi hakuondoi uchoyo wa chakula, lakini Doa kama hajafungwa kizazi, akiingia joto utayaona makubwa zaidi ya sikio. Daktari wa mifugo amtazame Mashaka masikio na meno pia, maana mbwa mwenye maumivu hana subira.

Wakishikana, mkono usiutie kati. Wamwagie ndoo ya maji, au pitisha ubao baina yao. Mtoto asiachwe na Mashaka hata dakika moja, wala asipite mbwa huyo anapokula. Mlishe Mashaka jioni wakati mtoto yuko chuo cha Kurani. Na wote watatu wawe na chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti ukione kwa macho yako. Mtu yeyote akiumwa, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakina dawa.

Mavyaa ana haki yake. Kwetu sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hayo hakuyazua yeye. Mbwa wasivuke uani, vyombo vyao viwe mbali, uwe na dera la kuwahudumia tu, na njia yake ya kwendea kutawadha iwe wazi. Nusu ya malalamiko itapungua. Nusu ya pili nashuku ni kwamba hukumuuliza kabla ya kumleta wa tatu, na hapo kwa kweli nasimama upande wake. Kamwombe radhi.

Kumrudisha si kukosa imani. Ulikubali kumlea kwa muda, na Doa na Kusi walikuwapo kabla yake. Ukishawatenganisha kwenye chakula kwa wiki kadhaa na bado anamfuata Kusi alipo kumtafutia shari, wapigie kituo waje. Akimtolea mtoto meno, usingoje wiki, wapigie saa hiyo hiyo.

Na habari ya sikio waambie leo, yote: lini, penye chakula gani, nani alianza. Usimfichie. Anayetaka mbwa mmoja tu wa kulinda nyumba, asiye na mbwa mwengine, hatajali kwamba Mashaka hataki kushirikiana sahani. Mwenye mbwa wanne ndiye anayepaswa kujua mapema.