Binti anataka unesi ila fizikia inamtesa, aiache?

SWALI: Habari sista, binti yangu yupo kidato cha tatu shule ya kata huku Mbagala, unesi anautaka toka mdogo ila fizikia inamtesa na shule wanaruhusu kuiacha. Jirani kaniambia kuna kozi ya miezi sita ya unesi msaidizi, hawaangalii masomo. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mama, na umefanya la maana kuuliza sa hivi, maana wengi wanatufuata matokeo ya fomu foo yameshatoka.

Asiiache fizikia. Kuingia diploma ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima iwemo kemia, baiolojia na fizikia. Hesabu na kiingereza zikiwepo zinamuongezea nafasi. Baiolojia shule haimruhusu kuiacha ila fizikia na kemia zinaachika, na hapo ndo watoto wetu wanapopotelea, anaacha somo kidato cha tatu hakuna aliyemwambia kwamba unesi nao kauacha. Na wala hadaiwi A, D inatosha, na D ya NECTA inaanzia alama 30.

Alafu fizikia na hesabu wodini tunazitumia kila siku. Daktari kaandika lita moja ya dripu iingie kwa masaa nane, seti, yaani mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita moja, basi 1000 mara 20 ni matone 20,000, gawa kwa dakika 480 unapata kama matone 42 kwa dakika, unashika kile kigurudumu cha kwenye mpira macho kwenye saa mpaka yafike hapo. Ukiyaachia yakimbie kwa mzee mwenye shida ya moyo, maji yanaenda kujaa mapafuni.

Hiyo ya miezi sita nakuomba usitoe hela kwanza. Diploma ni miaka mitatu, chuo kiwe kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na akimaliza anafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndo apate leseni, bila leseni hawezi kufanya kazi kama nesi. Waombe namba ya usajili uihakiki mwenyewe NACTVET, wakianza kukuzungusha ondoka.

Kwa sasa kama shuleni kuna klabu ya Msalaba Mwekundu ajiunge, huduma ya kwanza ataanza kuijua huko. Na nyumbani ajifunzie kwako. Aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndani ya kifundo cha mkono wako, pale unapovalia saa, upande wa gumba, ahesabu mapigo dakika nzima, mtu mzima aliyetulia ni 60 mpaka 100. Asitumie gumba lake, lina mapigo yake atajihesabu mwenyewe. Akimaliza asikuachie mkono, aendelee kuushika kama bado anahesabu mapigo kumbe anaangalia kifua kinavyopanda, pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika, na asikwambie maana mtu akijua anahesabiwa pumzi anabadilisha bila kutaka.

Ukipata mtihani wake wa fizikia wa mwisho uliosahihishwa niandikie alikosa mada zipi, tuone pa kuanzia.