Kibao cha buluu ukutani

SWALI: Mwanangu yuko London. Kanitumia picha ya nyumba yenye kibao cha mviringo, rangi ya buluu. Ni cha nini? – Mama wa Kibokoni, Mombasa

JIBU: Shikamoo mama. Kibao hicho hueleza kwamba mtu mashuhuri aliishi au alifanya kazi humo. Cha kwanza kiliwekwa 1867, kwa mshairi Byron. Nyumba ile ikabomolewa 1889, na kibao kikaenda nayo. Siku hizi English Heritage, shirika linaloviweka vibao hivyo London, hutaka mtu awe amefariki miaka 20 au zaidi, na nyumba yenyewe iwe ingali imesimama. Hili la pili lanichoma moyo. Juzi nilipita Ndia Kuu, Mji wa Kale hapa Mombasa, nikaupapasa mlango wa nakshi: maua bado yasomeka kwa vidole, lakini kizingiti chote kimeliwa na mchwa.