Mafunzo ya Kukaa Msituni: Uliza Kwanza Kama Utafundishwa Kuchagua Mti

Vijana wanaoniuliza kuhusu mafunzo tarajali ya misitu, yale ya kuhamia kambini na kuishi hukohuko msimu mzima, karibu wote huanza na posho, malazi na cheti. Wana haki ya kuyauliza hayo, nami nitayafikia. Ila kuna swali ambalo ningependa litangulie: je, katika miezi utakayokaa hapo, utashirikishwa kuamua mti upi ukatwe na upi ubaki?

Nilianza kama mtarajali, kisha nikawa miongoni mwa wanaowapokea watarajali, na tofauti kati ya mafunzo yanayomjenga mtu na yanayomchosha tu nimeiona hapo. Kuna kambi ambako mgeni hufyeka, hubeba miche, hukusanya matawi na kukarabati njia hadi siku ya kuondoka. Kazi hizo ni za lazima, na asiyetaka kuzifanya asiende. Lakini mtu anaweza kufyeka msimu mzima asijue kwa nini kichaka hiki kimefyekwa na kile kimeachwa. Hutoka hapo amekomaa mikono, ila msitu bado hawezi kuusoma.

Usimamizi wa misitu unaofuata ikolojia umejengwa juu ya uamuzi huo mdogo unaorudiwa mara nyingi. Hukati eneo zima kwa mkupuo na kupanda upya miti ya umri mmoja. Unatoa mti mmoja hapa, kikundi kidogo pale, ukiiga kinachotokea upepo unapoangusha mti mzee: mwanga unashuka hadi ardhini, na miche iliyodumaa kivulini inaanza kurefuka. Katika msitu wa Couvet nchini Uswisi, mtaalamu wa misitu Henri Biolley alianza mwaka 1890 kuipima miti na kurudia vipimo kila baada ya miaka michache, ili ukuaji wa msitu wenyewe umwonyeshe kiasi cha kuvuna. Huko Wisconsin, Marekani, Wamenominee, jamii ya wenyeji asilia wa huko, wanavuna mbao katika ardhi waliyobaki nayo kwa mkataba wa 1854 na serikali ya Marekani. Mbao walizokwisha kutoa zinazidi zote zilizokuwa zimesimama wakati ule, na bado msitu wao leo una ujazo mkubwa wa mbao kuliko ulivyokuwa. Nyuma ya matokeo kama hayo kuna vizazi vya watu waliosimama chini ya mti mmoja mmoja wakaamua, kisha wakawafundisha waliowafuata.

Baadhi ya vituo vya mafunzo vina eneo la mazoezi liitwalo marteloskopu, na ukisikia mahali wanalo, lipe uzito mkubwa. Aghalabu ni hekta moja ya msitu ambayo kila mti umepewa namba, umepimwa na kuandikiwa hali yake: spishi, unene, ubora wa shina, mashimo ya ndege, kuvu, matawi makavu. Mnapewa lengo, kwa mfano kupunguza sehemu fulani ya ujazo bila kuharibu makazi ya viumbe. Kila mmoja anazunguka peke yake na kuandika namba za miti ambayo angeitoa. Hakuna mti unaokatwa. Mkirudi, orodha zenu zinalinganishwa, na hapo ndipo darasa linapoanza. Utashangaa watu wawili makini walivyochagua miti tofauti kabisa. Mmoja ameutoa mti mnene uliopinda kwa sababu unawaziba wengine mwanga; mwingine ameuacha kwa sababu una mashimo ambamo popo wanalala. Mkufunzi mzuri hawaambii haraka nani yuko sahihi. Anawarudisha chini ya mti uleule, anawataka mwangalie juu, mpime nafasi kati ya vilele, mtafute miche iliyo chini, kisha mjieleze upya. Nimewaona watu wakibadilisha mawazo mara mbili chini ya mti mmoja, na huko ndiko kujifunza.

Wasipokuwa na eneo kama hilo, si lazima uwakatae. Waulize tu kama mtarajali huandamana na anayetia alama miti kabla ya ukataji. Kama jibu ni kwamba alama hutiwa na mtaalamu kabla watarajali hawajafika, au kwamba kazi hiyo ni nyeti mno kwa wanagenzi, tafuta pengine.

Uliza pia kuhusu miti iliyokufa. Ni swali fupi linalofichua mengi. Anayesimamia msitu kwa jicho la ikolojia atakuonyesha kwa fahari magogo yanayooza na miti mikavu iliyoachwa imesimama mbali na njia, kwa kuwa wadudu, kuvu na ndege wengi hawana pengine pa kuishi. Akikwambia wao husafisha kila kitu, umeshapata jibu lako. Vivyo hivyo kuhusu njia za kuburuzia magogo: safari chache za kwanza za mashine nzito ndizo zinazoshindilia udongo zaidi, kwa hiyo wanaojali huweka njia za kudumu na hawaruhusu mashine itangetange.

Sasa, kwa nini ukae hukohuko badala ya kwenda na kurudi? Wazo hili si geni. Carl Schenck alipoanzisha shule yake ya misitu huko Biltmore, North Carolina, mwaka 1898, alikuwa akifundisha darasani asubuhi na mchana anawapeleka wanafunzi msituni, kazini. Anayeishi ndani ya msitu anaona yasiyoonekana kwa mgeni wa mchana. Mvua kubwa ikinyesha usiku, alfajiri unaweza kwenda kuona maji yamepita wapi, njia ipi imechimbika, kivuko kipi kimeziba. Unajua upande upi upepo hupiga kwa nguvu, na kwa hiyo ni miti ipi itayumba majirani zake wakitolewa. Ndiyo maana nashauri ukubali msimu mrefu kuliko mfupi kama hali inakuruhusu, hasa unaogusa majira mawili.

Maisha ya pamoja nayo yana ugumu wake. Utashiriki jiko, bafu na ukimya na watu usiowachagua, na uchovu huwafanya watu wakali. Zamu za jikoni zikipangwa tangu wiki ya kwanza, nusu ya ugomvi haitokei.

Kwenye usalama sina upole. Usishike msumeno wa mnyororo mahali ambapo hakuna mafunzo rasmi kabla yake, hata kama wenzako wote wanaushika. Wanapaswa kukupa kofia ngumu yenye kinga ya uso, viziba masikio, suruali ya kinga ya msumeno na buti zinazofaa, na wao wenyewe wavivae kila siku, si wageni wakija tu. Wakufundishe kuacha bawaba ya mti, ile sehemu isiyokatwa inayouongoza unapoanguka, yenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha shina. Wakufundishe kuandaa njia ya kukimbilia kabla ya kuwasha mashine, kwa mshazari kwenda nyuma, na kuhakikisha hakuna mtu ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili. Mti ulioangushwa na upepo, ambao shina lake limejikunja na kubana, mwachie mzoefu. Na wewe ukisema umechoka, uruhusiwe kuacha bila kuonewa aibu.

Moto ni hivyohivyo. Baadhi ya mashamba na hifadhi huchoma nyasi kwa mpango ili kurudisha uoto asilia, na ni kazi yenye mafunzo makubwa, lakini uliza nani anaongoza, nani anapima upepo na unyevu wa hewa, na maji yako wapi. Aldo Leopold, aliyenunua shamba lililochakaa Wisconsin mwaka 1935 na kulirejeshea miti pamoja na familia yake, alifariki mwaka 1948 kwa mshtuko wa moyo akisaidia kuzima moto wa nyasi kwa jirani. Alikuwa mtu wa misitu tangu ujanani.

Nimeahidi kufikia posho. Taka kila kitu kwa maandishi: saa za kazi, siku za mapumziko, kiasi cha posho na siku inayolipwa, bima ya ajali, nani ananunua vifaa vya kinga, na ukiumia unafikishwaje hospitali. Malazi na chakula ni sehemu ya malipo, sawa, ila visitumike kukufanyisha kazi ya kibarua bila kufundishwa. Ninaamini pia kwamba mafunzo yasiyolipa chochote huwafungia nje vijana wasio na wa kuwasaidia, na wanaoyaendesha wanapaswa kutafuta fedha mahali pengine kuliko mifukoni mwa vijana hao. Cheti? Kina faida yake. Lakini waajiri niliowahi kuzungumza nao huuliza zaidi ulipima nini, uliamua nini, na nani anaweza kukuthibitisha.

Kwa sababu hiyo, weka daftari. Chagua kipande kidogo cha msitu, weka alama ya kudumu, piga picha kutoka hapohapo kila wiki ukielekea upande uleule. Pima vipenyo vya mashina kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini kwa kipimo cha nchi nyingi, na uandike miche mingapi imeota na ya spishi gani. Andika pia sababu za kila mti uliopendekeza utolewe.

Unapoomba nafasi, barua isiwe ndefu. Wanaosoma maombi wamechoka kusoma kwamba mwombaji anapenda mazingira. Waeleze eneo moja la ardhi unalolijua vizuri, hata likiwa dogo, limebadilikaje mbele ya macho yako, na jambo gani kulihusu hujalielewa. Kisha waombe wakuunganishe na mtarajali wa msimu uliopita. Mpigie simu jioni, akiwa na nafasi ya kuzungumza, umuulize ni mti gani alibishania na nani alimsikiliza.