Bima ya kubadilishana: leseni inatolewa na nani?

SWALI: Tuko wenye malori 18 Seattle, kampuni za bima zinatunyonya. Tunaweza kukatiana bima sisi kwa sisi? Leseni tuombe Washington DC?

JIBU: Kukatiana mnaweza; hiyo ndiyo bima ya kubadilishana. Ila leseni si ya Washington DC: kwa sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, bima Marekani husimamiwa hasa na majimbo. Ombi lenu ni kwa Kamishna wa Bima wa jimbo la Washington, iliko Seattle. Ila 18 hamtoshi: sheria ya jimbo inataka waanzilishi 25 au zaidi, wote wakazi wa humo.

Kila mmoja humsainia mwakilishi mmoja hati ya uwakilishi, naye ndiye hutoa bima na kuendesha shughuli. Isomeni mara mbili, hasa mipaka ya madaraka na ujira wake. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Ombi huambatana na hati hiyo, mfano wa mkataba wa bima, taarifa ya fedha, na uthibitisho kwamba kila mwanzilishi amekwisha kulipa ada kamili ya angalau miezi 6. Ahadi za kulipa baadaye hazihesabiki.

Bima ya maisha hamruhusiwi. Na ulizeni mapema: mfuko ukipwaya, wanachama wataongezewa mchango? Hilo liandikwe mkatabani.