Barua kwa mwanangu: hoja unayoimalizia mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku sote wazima, salamu zako zimefika. Nilicheka kidogo kusoma kwamba umenunua mafuta ya uso kwa bei ya kuumiza, halafu ukaniuliza mimi: "Baba, hivi matangazo yanatudanganya, au tunajidanganya wenyewe? Na mbona najua kabisa kuwa hili ni tangazo na bado limeninasa?" Hayo ni maswali mawili. Nianze na la kwanza, ndilo lenye mengi.

Uongo wa waziwazi upo, lakini ni wa wauzaji wasiojua kazi. Wanaoijua wala hawauhitaji. Chukua maneno uliyonitumia, yaliyoandikwa kwenye kopo: "Husaidia kupunguza mwonekano wa makunyanzi." Yasome polepole. Hakuna aliyesema makunyanzi yataondoka. Hakuna hata aliyesema yatapungua. Kitakachopungua ni mwonekano wake, na hapo napo mafuta yatasaidia tu. Yatasaidiana na nini, hawakutaja. Ukienda kulalamika kwamba uso ni ule ule, watakuuliza: kwani sisi tuliahidi nini? Ahadi uliitunga wewe, kichwani mwako, ukiwa umelishika kopo. (Mama yako, niliyemsomea mpaka hapa, ameuliza jina la mafuta hayo. Nimenyamaza.)

Ufundi huu si mgeni. Aristotle, huko Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoeleza namna ya kuhutubia watu alisema kwamba msemaji hana haja ya kutamka kila kiungo cha hoja. Kile ambacho wasikilizaji wanakijua tayari, watakijaza wenyewe. Na hitimisho ulilolifikia mwenyewe hulibishii, maana unaliona ni akili yako.

Mfano ninaoupenda ni wa bia. Claude Hopkins, Mmarekani aliyekuwa akiandika matangazo mwanzoni mwa karne ya 20, aliajiriwa kuitangaza bia ya Schlitz. Akatembezwa kiwandani, akaona maji yanavyovutwa kutoka visima virefu na jinsi chupa zinavyosafishwa. Akashangaa: mbona hamuwaambii watu haya? Wakamjibu kwamba hakuna cha ajabu, viwanda vyote vya bia hufanya hivyo hivyo. Yeye akayaandika. Yote yalikuwa kweli, na msomaji ndiye aliyejiongezea kwamba wengine basi hawaoshi vizuri. Ukitaka kuwashtaki, utawashtaki kwa kosa la kuosha chupa? Hadi leo utakuta chupa ya mafuta ya alizeti imeandikwa kwa herufi kubwa kuwa hayana lehemu (kolesteroli). Lehemu tunaipata kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama; mafuta ya mimea hayakuwa nayo tangu mwanzo.

Ila usidhani hoja peke yake inatosha. Mara nyingi hutanguliwa na hofu. Listerine ilitengenezwa mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu. Miaka ya 1920 ikaanza kutangazwa kama dawa ya kusukutua ya kuondoa harufu mbaya ya kinywa: binti mzuri, mwenye tabia njema, kila siku yeye ni msindikizaji wa maharusi tu, na hakuna rafiki anayethubutu kumwambia sababu. Angalia walivyokubana hapo. Harufu ya kinywa chako huisikii mwenyewe, na wenzako wanaona haya kukuambia. Kwa hiyo ukimya wao, ambao jana haukuwa na maana yoyote, leo umekuwa ushahidi dhidi yako. Kisha unaoneshwa chupa.

Dawa hiyo hiyo ilitangazwa kwa miongo mingi kuwa inakinga mafua, na hapo ndipo walipovuka mstari. Mwaka 1975 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliamuru kampuni itangaze kwamba Listerine haikingi mafua wala maumivu ya koo, na iendelee kusema hivyo mpaka itumie takriban dola milioni 10 za matangazo. Kukoma tu hakukutosha, kwa kuwa imani ilishaota mizizi kwa watu. Kampuni ikakata rufaa. Mwaka 1977 mahakama ikaafiki amri, ila ikafuta maneno ya kukiri kwamba haya ni kinyume cha matangazo yaliyotangulia. Mimi ningeyaacha yabaki.

Sasa la pili, kwa nini kujua hakukukingi. Unachokijua ni kubishana na madai, na sehemu kubwa ya tangazo haina dai lolote. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata kama hatujaambiwa neno moja juu yake. Jina la mafuta yako umelipita mara ngapi kwenye simu bila kulisoma? Siku ulipohitaji mafuta, macho yalitua pale palipo na sura unayoifahamu. Elimu yako haikuitwa shaurini hata kidogo.

Umeniuliza pia juu ya yule dada wa mitandaoni aliyeyasifia. Marekani na Uingereza, aliyelipwa anatakiwa aseme wazi kwamba amelipwa, na nchi nyingine nazo zina sheria kama hiyo. Irudie video yake utazame pembezoni na chini ya maelezo, penye herufi ndogo. Kisha uniandikie ulichokikuta.

Baba yako